Bibi Titi Mohamed: Binti wa Chuoni Aliyekuwa Mbunge wa Rufiji

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa akiwa yatima wa baba, akalelewa na babu yake, kisha na ami yake, na Mola wake akamfanya kiongozi wa umma huu. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi, ni kawaida ya majarida kama hili letu kueleza maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, ili sisi tuliobaki tupate mazingatio. Mara nyingi huandikwa habari za masahaba na maulamaa wakubwa, na hilo ni jambo jema. Safari hii tumeonelea tuandike habari za mtu aliye karibu zaidi nasi, ambaye babu na bibi zetu walimwona kwa macho yao na kumsikia kwa masikio yao hapa hapa Rufiji. Huyu si mwanachuoni wala hakuandika kitabu. Ni mwanamke wa Kiislamu aliyesoma Qur'ani chuoni kama mnavyosoma ninyi, akafiwa na baba yake angali mdogo, akasoma shule miaka michache tu, kisha akawa miongoni mwa watu walioipatia nchi hii uhuru wake. Jina lake ni Bibi Titi Mohamed.

Tumemchagua kwa sababu. Katika mikeka ya madrasa zetu wamekaa watoto waliofiwa na baba, au mama, au wote wawili. Wapo waliohamahama kwa sababu ya mafuriko ya mwezi Aprili 2024, maji yalipoingia majumbani na mashambani huku Rufiji na Kibiti. Na wapo wasichana ambao huja chuoni na shuleni kila siku hadi wanapovunja ungo, kisha siku moja nafasi yao mkekani inabaki wazi, na sisi walimu tunaambiwa kwamba fulani sasa ni mtu mzima. Maisha ya Bibi Titi yanawahusu watoto hao wote.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Bibi Titi alizaliwa mwezi Juni 1926 mjini Dar es Salaam. Wakati huo nchi yetu ikiitwa Tanganyika, nayo ilikuwa chini ya Waingereza, baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mama yake alikuwa mkulima. Walikuwa Waislamu wa pwani, wenye kuishi kwa jasho lao.

Baba yake alimpeleka chuoni kusoma Qur'ani, lakini hakutaka kumpeleka shule. Tusimlaumu haraka marehemu huyo. Zama zile shule nyingi nchini ziliendeshwa na wamisionari, na wazee wa Kiislamu waliona mifano ya watoto walioingia darasani wakiwa Waislamu wakatoka wakiwa na majina mengine. Hofu yake ilikuwa hofu ya baba anayechunga dini ya mtoto wake, na baba wengi wa pwani walikuwa nayo.

Kisha likapita lililoandikwa. Baba alifariki, na Titi akabaki na mama yake. Hapo ndipo tunapoona busara ya mama huyo. Mjane asiye na cheo wala elimu ya shule alitazama mambo upya, akaona kwamba binti yake ameshashika Qur'ani, na kwamba dunia inayokuja itamhitaji ajue kusoma na kuandika pia. Akampeleka shule ya wasichana, ile ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Uhuru. Titi akasoma mpaka darasa la nne.

Darasa la nne leo si kitu machoni petu. Lakini kwa binti wa Kiislamu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1930 kilikuwa kisima kizima cha maji. Alijua kusoma barua, kuandika jina lake na kuhesabu fedha. Wenzake wengi wa mtaani hawakupata hata hayo.

MWALI WA NDANI

Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi. Desturi hii sisi wa Rufiji tunaijua vizuri, maana mabibi zetu wote waliipitia. Mwali alikaa ndani asionekane, akafundwa mambo ya nyumba, akasubiri mume. Titi naye alikaa, na alipofika umri wa miaka 14 akaozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Alizaa naye binti mmoja, na ndoa hiyo haikudumu.

Baadaye aliolewa na Boi Selemani, dereva wa teksi. Katika miaka hiyo Titi alijulikana mjini kwa jambo moja hasa, nalo ni sauti yake. Mwenyezi Mungu alimjaalia sauti nzuri yenye kusikika mbali, akawa mwimbaji mkuu wa kundi la ngoma la wanawake lililoitwa Bomba. Hatusemi hivi ili wanafunzi wetu wakimbilie ngomani. Tunasema ili ieleweke kwamba kipaji ni amana, na mwenye amana hajui Mola wake atamwita lini aitumie katika kazi nyingine. Sauti iliyozoeleka katika sherehe za mtaani ndiyo iliyokuja kuwaamsha wanawake wa nchi nzima.

SWALI LA MGENI

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, kikiongozwa na Mwalimu Julius Nyerere. Boi Selemani alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kujiunga, na mkewe naye akachukua kadi. Lakini wanawake wa namna yake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mikutano ilijaa wanaume.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch. Aliona chama, akaona viongozi wake, kisha akauliza swali jepesi ambalo wenyeji hawakulitarajia. Aliuliza wako wapi wanawake wa chama hiki. Wazee wa TANU walitazamana. Ukweli ni kwamba hawakuwa na jibu, kwa sababu hawakuwahi kulifikiria jambo hilo. Lakini jina moja lilikuwa tayari linajulikana mjini. Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa harakati hizo, ndiye aliyekwenda kwa Boi Selemani kumwomba mkewe aje aisaidie TANU. Mume akaridhia, na Titi akatoka nyumbani kuingia katika kazi ambayo haikuwa na mshahara.

Tuzingatie hapa. Hakuombwa kwa sababu ya shahada. Wapo wanaume waliokuwa na elimu kubwa kumshinda. Aliombwa kwa sababu watu walimjua, walimwamini, na akisema walimsikiliza.

ALIVYOWAKUSANYA WANAWAKE

Tarehe 8 Julai 1955 Bibi Titi aliongoza mkutano wake wa kwanza na wanawake wa Dar es Salaam, na wanawake wapatao 400 wakajiunga na chama. Ilipofika mwezi Oktoba mwaka huo huo, wanawake waliojiunga walikuwa wamefikia 5,000. Idadi hiyo iliwashangaza hata viongozi wenyewe wa TANU.

Je, alifanyaje? Hili ndilo jambo ambalo vijana wetu wanapaswa kulisoma mara mbili. Bibi Titi hakuanza kwa kuunda vikundi vipya. Aliangalia vikundi ambavyo tayari vipo. Mjini palikuwa na vyama vya ngoma vya wanawake, na kila chama kilikuwa na kiongozi wake, mweka fedha wake na utaratibu wake wa kupeana habari. Palikuwa na wanawake wauza vyakula vya kupika waliojuana sokoni. Palikuwa na majirani waliozoea kusaidiana katika harusi na misiba. Bibi Titi akawafuata viongozi wa vikundi hivyo mmoja mmoja, akakaa nao chini, akawaeleza. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja. Kwa njia hiyo habari iliyotolewa asubuhi mtaa mmoja ilifika jioni mtaa wa mbali, bila gazeti wala redio.

Wanawake hao walichangisha fedha, walieneza habari za mikutano, na walipokea na kuwapikia wageni wa chama. Bibi Titi alisafiri mikoani, mara nyingine pamoja na Mwalimu Nyerere, akihutubia maelfu ya watu. Zama zile mwanamke wa Kiislamu kusimama jukwaani mbele ya wanaume lilikuwa jambo geni, na wapo waliomsema vibaya. Yeye aliendelea kuvaa mavazi yake ya staha, akaendelea na kazi yake. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, na hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya kazi kubwa kuliko yeye katika safari hiyo.

MBUNGE WA RUFIJI

Sasa tufike nyumbani. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, Bibi Titi aliingia Bungeni akiwa mbunge wa Rufiji. Wakati huo Kibiti ilikuwa ndani ya wilaya ya Rufiji, na ikaendelea hivyo kwa miaka mingi mpaka ilipofanywa wilaya ya peke yake katika miaka ya 2010. Kwa hiyo mbunge wa Rufiji alikuwa mbunge wa Utete, wa Kibiti, wa Ikwiriri na wa visiwa vya delta, kuanzia bondeni mpaka kwenye mikoko baharini.

Wanafunzi wadogo wataona shida kuifikiria Rufiji ya siku zile. Daraja la Mkapa, mnalovuka kwa dakika chache, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka mto kwa kivuko pale Ndundu, na mvua ikizidi barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika. Watu wengi waliishi bondeni karibu na mashamba yao ya mpunga, na wenzao wa delta waliishi kwa mpunga, samaki na kukata boriti. Mpunga ukianza kuiva, familia nzima ilihamia shambani. Watoto walipanda kwenye madungu kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Mtoto aliyekaa dunguni miezi miwili au mitatu hakuwa shuleni, na wala hakuwa chuoni. Baba yake hakuwa mtu mbaya. Bila mpunga ule nyumba nzima ingelala njaa.

Hao ndio watu ambao Bibi Titi aliwasemea. Serikali ya uhuru ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu, yaani ujinga, maradhi na umaskini, na Bibi Titi akateuliwa kuwa waziri mdogo akishughulikia maendeleo ya jamii. Kazi ya maendeleo ya jamii katika miaka hiyo ilikuwa kuwaendea watu vijijini na kuwahimiza wajisaidie wenyewe. Watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika chini ya miembe na katika mabanda. Wanawake walifundishwa usafi, ushonaji, upishi na malezi bora ya watoto wachanga. Wanakijiji walijitolea nguvu zao kujenga madarasa, kuchimba visima na kulima barabara, na serikali ikatoa sehemu yake. Kazi zile ziliitwa kujenga taifa.

Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Umoja huo ulikusanya wanawake wa mjini na wa shamba, na miongoni mwa shughuli zake zilikuwa madarasa ya kisomo, miradi midogo ya kuwapatia wanawake kipato na vituo vya kulelea watoto wadogo wakati mama zao wakiwa kazini. Mwanamke aliyeondolewa shule baada ya darasa la nne akawa mtu wa kuwahimiza wenzake wajue kusoma, kwa sababu alijua ni mlango gani ulifunguliwa kwake na ni mlango gani ulifungwa.

MITIHANI

Dunia haimpi mtu tamu peke yake. Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi mwingine, na watu wa Rufiji hawakumrudisha Bibi Titi Bungeni. Mwanamke ambaye nchi nzima ilimjua akashindwa katika jimbo lake mwenyewe. Hili nalo ni funzo. Mtu akitenda wema, wema huo haumfanyi kuwa mmiliki wa aliowatendea. Uongozi ni amana, na wenye amana yao wana haki ya kuichukua. Bibi Titi aliondoka katika kiti hicho na kubaki na nafasi zake za uongozi katika chama.

Mwaka 1967 lilitolewa Azimio la Arusha. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba kiongozi asiwe na nyumba za kupangisha. Nia ya sharti hilo ilikuwa kuwazuia viongozi wasiwe mabwana wakubwa juu ya wananchi. Bibi Titi hakukubaliana nalo. Kwa mwanamke wa mjini asiye na elimu kubwa wala pensheni, chumba cha kupangisha ndicho kilichokuwa akiba ya uzeeni. Kwa hiyo alijiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake kuhusu Azimio hilo, na wazee wetu wanatofautiana mpaka leo. Lililo wazi ni kwamba Bibi Titi hakuficha lililo moyoni ili abaki na cheo.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwezi Oktoba 1969. Alikamatwa pamoja na watu wengine, wakashtakiwa kwa uhaini, yaani kula njama za kuipindua serikali. Yeye alikana. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970, na hatimaye mahakama ikamtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Yule aliyesimama jukwaani pamoja na Mwalimu Nyerere sasa alikuwa gerezani chini ya serikali ya Mwalimu Nyerere. Wengi waliokuwa wakimzunguka enzi za ukubwa wake walijitenga naye. Ndivyo walivyo wanadamu. Nyuki huonekana wakati wa maua.

Huku kwetu, miaka hiyo hiyo, watu wa bondeni nao walikuwa katika mtihani wao. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji mwaka 1969, na wakazi wengi wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya ujamaa sehemu za juu. Wapo walioshukuru kwa kupata shule na zahanati karibu, na wapo waliolilia mashamba yao ya mpunga yaliyobaki mbali. Mbunge wao wa zamani hakuwa tena na nafasi ya kuwasemea.

Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimsamehe, na Bibi Titi akatoka gerezani. Alikuwa katikati ya miaka yake ya arobaini. Alirudi Dar es Salaam akaishi kimya, bila cheo na bila makundi ya watu mlangoni. Hakuondoka nchini wala hakuanzisha fitina. Alikaa na subira yake kwa karibu miaka ishirini, na vijana waliozaliwa baada ya uhuru wakakua bila kulisikia jina lake.

MWISHO WA SAFARI

Nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilimkumbuka na kumtaja kuwa ni shujaa wa kupigania uhuru. Watu wakaanza tena kumtembelea na kumuuliza habari za zamani. Watafiti walikaa naye wakaandika maisha yake, na bila ya maandishi hayo mengi ya haya tunayoyasoma yangekuwa yamezikwa pamoja naye.

Bibi Titi alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Alikuwa na umri wa miaka 74. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, na huku Rufiji ipo shule ya sekondari ya wasichana inayoitwa kwa jina lake. Binti aliyesoma mpaka darasa la nne, leo jina lake liko juu ya lango ambalo mabinti wanalipita kwenda kusoma zaidi ya hapo.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Ndugu wanafunzi na wazazi, kisa bila mazingatio ni porojo. Hebu tutazame yanayotuhusu.

La kwanza ni kwa watoto waliofiwa. Kufiwa si mkosi wala si mwisho wa njia. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa yatima, na Bibi Titi alifiwa na baba yake. Wote wawili, pamoja na kutofautiana kwao kama mbingu na ardhi kwa daraja, waliinuliwa na Mola baada ya watu wazima walio karibu nao kutimiza wajibu wao. Mtoto mwenzangu, shika masomo yako, na usione haya kumwambia mwalimu kwamba huna daftari.

La pili ni kwa wazazi. Baba yake Titi aliogopa kwamba shule itaila dini. Mama yake aliona kwamba mtoto aliyetangulizwa chuoni anaweza kwenda shule na dini yake ikabaki. Sisi walimu wa madrasa tunawaambia wazi kwamba chuo na shule si wake wenza. Asubuhi ni ya shule na jioni ni ya chuo, na kutafuta elimu ni wajibu wa Mwislamu, awe mwanamume au mwanamke. Na msichana akivunja ungo amekuwa mukallafu, sasa anahesabiwa sala yake na saumu yake. Je, huo ndio wakati wa kumwondoa kwenye elimu, au ndio wakati anaoihitaji zaidi? Mzazi ajiulize.

La tatu ni kwa jamii nzima, na hapa tunaomba tusikilizane. Mtu akifa hapa kwetu tunakusanyika. Tunasoma hitma, tunapika, tunatoa rambirambi, na siku ya arobaini tunakutana tena. Baada ya hapo kila mtu anashika njia yake. Mwezi wa nne nani anauliza kama mtoto wa marehemu ana sare? Mwaka wa pili nani anauliza minazi na mikorosho aliyoiacha baba yake sasa inavunwa na nani? Qur'ani imekemea vikali kula mali ya yatima, na Sura ya Al-Maun imemweka anayemsukuma yatima pamoja na wanaoikadhibisha dini. Haya tunayasomesha watoto kwa kuhifadhi. Basi tusiwe watu wazima ambao watoto wamehifadhi wanayoyavunja.

Tumfuate Bibi Titi katika njia yake. Hatuhitaji kungoja mfadhili wala mradi kutoka mbali. Vikundi tunavyo tayari. Tunacho chama cha maulidi, tunavyo vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, tunao vijana wa mpira, tunayo safu ya kwanza msikitini. Kila kikundi kichukue jambo moja. Akina mama wajue kila mtoto yatima wa kitongoji chao kwa jina, na waseme mapema akianza kukosa darasa. Vijana wenye ufundi wa kushona, kuunda mitumbwi, kufunga umeme au kutengeneza pikipiki, kila mmoja achukue mwanafunzi mmoja wa kumfundisha kazi bila malipo. Wenye mashamba, baada ya kutoa zaka kwa aliyefikiwa na kiwango, watenge pishi moja ya mpunga kila nyumba wakati wa mavuno. Wavuvi watenge kiasi katika bahari nzuri. Pishi moja haimfilisi mtu, lakini pishi za kitongoji kizima ni madaftari, kalamu na sare za mwaka. Na hesabu isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, ili shetani asipate pa kuingilia.

La nne ni subira na ukweli. Bibi Titi alipanda juu sana, akaanguka chini sana, na katika hali zote mbili alibaki yule yule. Hatudai kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mwanadamu, na makosa yake yako kwa Mola wake. Lakini kijana anayedhani kwamba kushindwa mara moja ndio mwisho, amkumbuke mama huyu.

Mwisho, tunawaomba wanafunzi wafanye kazi ndogo ya nyumbani. Nendeni kwa bibi au babu mwenye umri mkubwa kuliko wote katika ukoo wenu, mumuulize kama aliwahi kumwona au kumsikia Bibi Titi alipokuwa mbunge wetu, na kama yeye mwenyewe alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima. Andikeni majibu yao kwenye daftari. Wazee hawa wanapungua kila mwaka, na wakiondoka wanaondoka na habari zao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi Mohamed, amsamehe madhambi yake na alipanue kaburi lake. Awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awatunze mayatima wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowalea, kwani Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi. Amin.

Wabillahi tawfiq.